Mipira ya Usukani na Viatu Vyekundu

Maige alimwona Venant pale mtaa wa Mirongo, kasimama kando ya baiskeli mpya ya gia, anapuliza viganja vyake kama aliyeshika sufuria ya moto. Maige akacheka moyoni. Ofisa mzima mwenye kitambi kanunua baiskeli ya kupandia milima ili watu wamwone, na mikono yake laini imeshindwa hata kuishika!

Maige naye alikuwa na shida moja, ila kubwa. Mzee Luhende, baba yake Suzana, alikuwa anavuka siku hiyo na feri ya Kamanga kuja kumwona mkwe mtarajiwa ambaye hajawahi kumtia machoni. Suzana alimwambia baba yake kwamba mchumba atampokea gatini, naye atamtambua kwa viatu vyekundu vya ngozi na baiskeli mpya ya zawadi. Bila hivyo, posa imekwisha. Viatu Maige alikuwa amevivaa. Baiskeli ndiyo hiyo mbele yake.

"Pole bosi," alisema. "Hiyo mipira ya usukani kakuchagulia adui yako."

"Ilikuja nayo dukani."

"Si ndiyo nasema? Lete mkono." Akakipapasa kiganja cha Venant kwa uzito wa daktari bingwa. "Aisee, hiki kiganja cha uongozi! Mpira mwembamba hakiutaki kabisa. Kinataka mnene, wenye meno. Naitwa Maige, mtaalamu wa mishiko."

Venant, ambaye ofisini hakuongoza hata chai, akavimba kichwa papo hapo.

"Bei gani?"

"Kwako wewe? Ukiridhika ndipo tuongee."

Maige akatoa mfukoni mipira miwili aliyoichomoa kwenye toroli la zege. Fundi yeyote huivalisha mipira kwa maji ya sabuni, kisha huiacha ikauke. Lakini Maige hakuwa fundi, na feri haimsubiri mtu. Akachomoa ile myembamba, akapaka usukani mafuta ya mgando, mipira minene ikaingia vizuri mno.

"Sasa niijaribu kidogo, nisikie inavyokaa."

Venant hakuwa mjinga wa kupindukia. Alikuwa mjinga wa kawaida tu. "Weka bondi."

"Simu nimeiacha chaji, bosi."

Venant akatazama chini. "Viatu basi."

Roho ilimuuma Maige. Lakini akajipa moyo kwamba uongo wa kumweleza mzee kuhusu viatu ataupata njiani, akavua, akaondoka na soksi zake akipiga mluzi.

Kwenye mteremko wa kuingia gatini alikuta abiria wameshaanza kushuka. Akabana breki. Mipira ikachomoka yote miwili pamoja na mikono yake, baiskeli ikashika njia yake, na mtaalamu wa mishiko akatua katikati ya tenga la dagaa.

"Utazilipa zote!" alifoka mama mwenye dagaa.

Mzee mmoja akasimama karibu, jogoo kwapani. "Pole kijana. Hujamwona mtu wa viatu vyekundu? Mkwe wangu huyo, nimeambiwa ana baiskeli."

Maige akafungua mdomo. Kabla hajasema neno, bodaboda tatu zilizomfuata tangu Mirongo zikafunga breki, na Venant akashuka kwenye ya kwanza. Viatu vyekundu vilikuwa miguuni mwake, vimemkaa kuliko vilivyowahi kumkaa Maige. Akaiokota baiskeli yake, akaifuta vumbi.

"Haa!" alisema Mzee Luhende. "Bila shaka wewe ndiye Maige wa Suzana."

Venant akamtazama mzee, akamtazama jogoo, halafu akamtazama aliyekaa kwenye dagaa. Kwa mara ya kwanza siku hiyo akili yake ilifanya kazi.

"Ndiye mimi, baba. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu! Na huyu mwenye soksi ni nani?"

"Hata mimi nataka kujua." Venant akainama. "Eti bwana, unaitwa nani? Hawa vijana wa bodaboda wanamtafuta mwizi wa baiskeli, na jina lake wanalo."

Vijana walikuwa wameshashuka kwenye pikipiki zao, na mmoja ana mnyororo mkononi. Maige aliwatazama, akamtazama baba mkwe wake, akameza mate yenye ladha ya dagaa.

"Shimba," alisema. "Naitwa Shimba. Huyo Maige simjui."

Mzee Luhende akamkabidhi Venant jogoo aliyemletea mkwe wake.