Bwawa la Kulinganishia

Kwa Bwana Samaki, mtaalamu wa mabwawa yetu na mwenye buti ndefu kuliko sisi wote,

YAH: PEREGE WANGU KUNYIMWA MWANI WAKIONA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mizani yako, ingawa hiyo mizani sina mapenzi nayo.

Mimi ni yule mwenye bwawa la kushoto. La kulia ni la shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu mwema ambaye sina ugomvi naye isipokuwa huu. Miezi mitatu iliyopita ulitukusanya ukatuambia umeleta utafiti: mwani mdogo mno, usioonekana kwa macho, uliokaushwa na kusagwa ukawa unga wa kijani wa kuchanganya kwenye chakula cha samaki. Shemeji apewe unga. Mimi niendelee na pumba na mashudu kama kawaida, nisiongeze wala kupunguza, ili tofauti ionekane. Nikaitikia kwa kichwa. Nilidhani kutobadilisha kitu ni kazi nyepesi.

Usichokijua ni kwamba nyuma yako alikuwa amekaa mama mkwe, anachambua mchele. Huyo ndiye mwenye bwawa kubwa la chini aliloacha marehemu baba mkwe, na siku nyingi alikuwa akitafuta namna ya kuamua amkabidhi nani, mimi au mwanawe. Ulipofunga tu begi lako akatangaza: "Basi, yamekwisha. Mwenye samaki wazito siku ya mwisho ndiye mwenye bwawa." Kwa hiyo, mtaalamu, uliniingiza kwenye mbio ukiwa umenifunga miguu, kwa faida ya sayansi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kibao. Kwa shemeji umeandika BWAWA LA MWANI. Kwangu, BWAWA LA KULINGANISHIA. Wapita njia wananiuliza huo ni ugonjwa gani, na kama unaambukiza.

2. Unga wenyewe. Tangu nioe nimekuwa nikisugua ukijani kwenye tangi la maji, na kila ukijani ukirudi nasemwa kwamba mimi mchafu. Leo ukijani umetiwa kwenye mfuko wenye muhuri, na huupati bila kuweka sahihi. Kumbe sikuwa mchafu, nilikuwa nimewatangulia.

3. Upimaji wa hadharani. Kila baada ya wiki mbili unavua samaki ishirini kila bwawa na kutaja uzito kwa sauti ya mnadani. Wiki ya nne, wa shemeji walikuwa na wastani wa gramu tisini, wangu sitini na moja. Mke wangu, ambaye nilidhani yuko upande wangu, akasema mbele ya kaka yake, "Baba watoto, hawa ni samaki au picha za samaki?" Shemeji akanishika bega: "Usijali, shem. Wako wana sura nzuri." Mtu akikusifia sura ya samaki, ujue umekwisha.

4. Ukatili kwa wanyama. Tuta linalotenganisha mabwawa ni hatua sita tu, na upepo hauna siri. Saa ya chakula cha jirani, perege wangu hujipanga upande wa kulia, midomo wazi, kimya. Nimewaeleza kwamba wao ni muhimu kwa utafiti. Hawakuridhika.

5. Na hili ndilo kubwa. Tangu wiki ya saba samaki wangu wameanza kunenepa, kwa juhudi zao wenyewe. Jumatano iliyopita waliwazidi wa shemeji kwa gramu nne. Badala ya kunipa mkono, ulitazama maji, ukatazama vidole vyangu, ukauliza mbona vya kijani. Nikakujibu kwamba nilikuwa napaka geti rangi. Ukasema geti langu ni la bluu. Bwana mkubwa, wewe umesomea samaki. Mageti tuachie wenyewe.

Shemeji naye sasa analia kwamba unga wake haufikishi wiki. Nimemwambia apunguze mkono anapochota.

Kwa hoja hizo naomba, kwa unyenyekevu, uandike kwenye ripoti kwamba mwani hauna msaada wowote, kwani samaki waliolelewa kwa pumba na maneno mazuri wameushinda. Kibao changu kihamie kwa shemeji. Mama mkwe asomewe matokeo na wewe mwenyewe, polepole, ukiwa umevaa buti, maana buti anaziamini. Na kama bado una shaka, samaki wa shemeji wafunge kula hadi siku ya mwisho, tuone kama huo mwani ulikaa mwilini au ulikuwa unapita tu.

Nisalimie wenzako wa ofisini, dereva, na yule dada anayeshika daftari bila kucheka. Mizani nimeisamehe.

Ni mimi, mlinganishwa wako mtiifu,

Mwenye Bwawa la Kushoto

N.B. Nikishakabidhiwa bwawa kubwa, tafadhali unga wa mwani uniletee mlangoni kwangu, magunia mawili kwa mwezi. Dirisha la stoo ya shemeji linapitisha kopo moja tu.