Ombi la Benki Kurekebisha Hesabu Zake Zifanane na Zangu

Kwa Meneja wa Tawi,

Mheshimiwa Meneja,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na kwamba kile kiti chako kinachozunguka bado kinazunguka vizuri. Nilikiona siku mlango wa ofisi yako ulipoachwa wazi, nikakipenda sana. Mimi ni mteja wako wa akaunti ya hundi, mshonaji wa mapazia, mwanamke mwenye adabu zake. Sijawahi kumwandikia mtu barua ya malalamiko isipokuwa muuza vitambaa mmoja aliyenipimia mita kwa rula ya mwanafunzi.

Niende moja kwa moja. Mwanzoni mwa mwaka shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alituwekea kwenye kompyuta programu ya kutunza hesabu za nyumbani. Kila pesa inayoingia au kutoka, tunaiandika humo. Mwisho wa mwezi, taarifa ya akaunti ikitoka kwenu, tunakaa mezani mimi na mume wangu. Yeye anaisoma taarifa yenu kwa sauti mstari kwa mstari, maana maandishi yenu ni madogo kama mnaandikia sisimizi na miwani yangu imeshasalimu amri. Mimi natia tiki kwenye programu. Vyote vikilingana, pale chini palipoandikwa Tofauti panatokea sifuri, inawaka alama ya kijani, na kengele ndogo inalia.

Mheshimiwa, ile kengele ni tamu! Niliisikia mwezi wa kwanza nikapiga vigelegele peke yangu. Tangu mwezi wa pili sijaisikia tena. Tofauti ni shilingi 450. Tukirudia ni 450, tukizima kompyuta tukawasha ni 450. Programu yenyewe imeshachoka, inaniuliza kama iandike "marekebisho" ili yaishe. Nimekataa. Mimi sina cha kurekebisha, mwenye cha kurekebisha ni wewe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mnakata pesa bila hodi. Kuna ada ya kuitunza akaunti, halafu kuna ada ya ujumbe wa simu unaonijulisha kwamba mmekata ada ya kuitunza akaunti. Sipingi kukatwa. Naomba tu mtu wenu awe anapiga simu kabla, anisalimie, aulize hali ya nyumbani, kisha anieleze anachotaka kukata ili nikiandike kwa wakati.

2. Hamtambui hundi ya shangazi. Shangazi yangu alipotimiza miaka sabini nilimwandikia hundi, ya kwanza kuandikiwa maishani mwake. Alifurahi mno hata akaitia kwenye fremu, akaitundika sebuleni juu ya televisheni, na kila mgeni anaonyeshwa jina lake lilivyoandikwa. Kwangu mimi pesa hiyo imekwenda. Niliitoa kwa moyo mmoja, na nikaitia tiki. Ninyi mnasema haijatoka kwa sababu haijaletwa dirishani. Shemeji naye, kwa kujifanya msomi, akasema nisiitie tiki mpaka shangazi aipeleke benki. Nimeiondoa tiki, kwa shingo upande. Lakini nauliza, Mheshimiwa, mtu akitoa zawadi mbele ya ukoo mzima na keki ikaliwa, ni nani tena anayehitaji ushahidi wa benki?

3. Pesa zangu zinalala nje. Mwenye nyumba ya wageni alinilipa Ijumaa kwa mapazia ya vyumba vyote, na hundi yake niliileta kwenu siku hiyo hiyo. Ninyi mmeandika Jumatatu. Sasa Ijumaa usiku, Jumamosi na Jumapili pesa hizo zilikuwa wapi, na zilikuwa na nani? Nimelea mabinti watatu. Swali hili niliwahi kuuliza na nikajibiwa.

4. Karani wenu wa dirishani alinidharau, ingawa alifanya hivyo kwa heshima. Niliibeba kompyuta yenyewe, nimeifunga kwa kitambaa cha pazia isipate vumbi, nikaiweka mbele yake ili ajionee. Akasema, mama, mfumo wetu haukosei. Nikamwambia na wangu haukosei. Nikapendekeza basi mifumo hii miwili ikutanishwe uso kwa uso, sisi tukae pembeni. Foleni nyuma yangu ikagawanyika pande mbili. Mzee mmoja aliyekuja kuchukua pensheni alisimama upande wangu kwa nguvu sana, mpaka akapitwa na zamu yake. Mlinzi ndiye aliyenisaidia kubeba kompyuta hadi nje, akaninong'oneza kwamba na yeye hesabu zenu hazielewi.

5. Mmemnunua mume wangu. Hili ndilo zito, na naomba ulisome ukiwa umekaa.

Mume wangu ni fundi wa friji, mtaa mzima unamwita Baridi, na jina lilimkaa kweli. Tangu binti yetu wa mwisho aolewe, nyumba yetu ilikuwa kimya. Alikuwa akirudi, anakula, anasema chakula kizuri, analala. Sikuwa na neno, ni mtu mwema. Lakini tangu hii 450 itokee, huyu mtu simjui. Anarudi mapema. Anaoga, anavaa shati safi, anavuta kiti karibu na changu na kusema haya mama, tuanze tena juu kabisa. Anazisoma ada zenu kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Tukifika kwenye matumizi tunaanza kukumbushana: hii ni siku ulipomkaba mwenye duka akupunguzie bei, hii ni siku tuliponyeshewa tukanunua mwavuli mbovu. Juzi tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta, kisha akaja mwenyewe kuuliza kuna nini, naye akavutiwa kiti.

Sitaki kudanganya, nina furaha. Nikiwa kwenye cherehani saa tisa mchana najikuta natazama saa kama msichana. Lakini furaha iliyoletwa na kosa la benki si halali, siwezi kuila hivi hivi bila kulalamika.

Na sikia jambo la ajabu: mume wangu anawatetea! Kila nikisema benki imekosea, anasema labda, lakini tusiwasumbue, tutaipata tu. Nilipotamka kwamba nakuandikia barua, aliweka kijiko chini. Akanisihi nivute subira, tuanze upya mwezi wa tatu taratibu. Mtu mzima anayeitetea benki, na wala hana hisa humo! Nimepima, nimepima tena, nikafikia hitimisho moja tu: mnampa kitu kidogo.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, benki iandike hizo shilingi 450 kwenye vitabu vyake ili vifanane na kompyuta yangu. Ninyi mna wafanyakazi wengi na kiyoyozi, mimi nina macho haya tu. Pili, mkishafanya hivyo, mfanye hivyo hivyo kwa kila mteja, kila mmoja na hesabu yake aliyoileta, na mtaona nchi nzima itakavyochangamka.

Mkikataa, nitaifunga akaunti. Kompyuta nitamrudishia shemeji, pesa zitarudi kwenye mkebe wa biskuti ambao haujawahi kutofautiana na mtu, na zile jioni zetu mbele ya kompyuta zitakwisha. Nakwambia hili kwa uchungu, kwa sababu anayeumia hapo si benki.

Nisalimie karani wa dirishani pamoja na mfumo wake. Nisalimie mlinzi, na mzee wa pensheni akija tena mwambie aliyekuwa na kompyuta anamkumbuka. Mkeo na watoto pia, kama wanakuona.

Ni mimi mteja wako, ambaye mpaka kuandika mstari huu hajahama,

Mshonaji wa Mapazia

Tanbihi: Nilimpa mume wangu barua hii aisome kabla sijaifunga. Alipofika kwenye malalamiko namba tano alianza kucheka, halafu akaomba radhi. Mheshimiwa, hiyo 450 ni yake. Anaiandika mwenyewe kwenye programu nikiwa naosha vyombo, mwezi huu kwenye sabuni, mwezi mwingine anaifuta na kuihamishia kwenye nauli, mwingine kwenye uzi, kisha mezani ananisomea mstari ambao haumo kabisa kwenye taarifa yenu, nami natia tiki. Nilipomuuliza kwa nini, akasema mwezi wa kwanza kengele ilipolia mimi nilifurahi, nikazima kompyuta, nikaenda kulala, yeye akabaki mezani peke yake. Nimenuna muda wa kutosha, na sasa nimeshindwa kuendelea. Benki haina kosa lolote, naomba barua hii uichane, ila taarifa za akaunti msiache kutuma. Mwezi ujao zamu ya kuificha 450 ni yangu.