Magazini Chini ya Shati

Jumatano, 19 Novemba

Msimu wa kulungu unafunguliwa Jumamosi. Mwaka huu sikosi. Nimeapa. Mwaka jana pia niliapa, lakini kile kilikuwa kiapo cha majaribio.

Tatizo si shabaha yangu. Tatizo ni risasi kuisha. Bunduki yangu ina magazini, kile kikasha cha chuma cha kuchomeka, ya risasi nne, na mwaka jana zote nne ziliishia kwenye miti. Kulungu akabaki palepale, mimi napekua begi kutafuta nyingine. Alinitazama kwa huruma. Sitamsahau yule mnyama.

Dawa: magazini ya akiba, imejaa, kiunoni kwenye mkanda, mkono unaifikia macho yakiwa mbele. Rahisi kabisa! Ila kambini kwetu, hapa Alabama, hakuna aibu kubwa kuliko hiyo. Mkuu wa kambi ni Mjomba Hoyt, mjomba wa mke wangu, na kauli yake ni moja: mwanamume anayebeba risasi za akiba ameshakubali kukosa. Kila mtu magazini moja. Basi yangu ya pili lazima ifichwe.

Na safari hii si mchezo. Desturi yetu, anayekosa hukatwa pindo la nyuma la shati, na kipande kinapigiliwa ukutani na jina lake. Hilo nimezoea. Ukiutazama ule ukuta utadhani nauza mitumba. Lakini Odell mpishi magoti yamemchoka, na Mjomba Hoyt ametangaza kwamba wa kwanza kukosa msimu huu atachukua jiko, na dungu lake la kuwindia atapewa mwingine. Dungu langu alilijenga marehemu baba, pale kijitoni, juu ya mwaloni. Jina lake bado limechongwa kwenye ubao wa kukalia. Garlon, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, analimezea mate tangu msibani. Siku ya mazishi aliniuliza kama ngazi bado ni imara.

Jioni nimejaribu magazini upande wa mbele, ndani ya suruali. Mke wangu Twyla akaniuliza kama nimepata ngiri.

Alhamisi, 20 Novemba

Nimepata! Kifuko cha simu. Magazini inaingia kama imeumbiwa humo. Nani atamshangaa mtu mwenye simu kiunoni?

Nikaenda nayo dukani, kule kwenye chakula cha mifugo, kuifanyia jaribio mbele za watu. Na nani yuko pale anakula karanga za kuchemsha na kutema maganda sakafuni? Garlon. Akasema simu yake imezima, nimsaidie yangu ampigie mkewe. Nikamwambia na yangu imezima. Hapohapo ikalia, mfukoni mwa shati.

Garlon akatazama mfuko. Akatazama kiuno. Akauliza hiyo nyingine ni ya nani. Nikasema ya kazi.

“Kazi gani, shemeji? Wewe unafuga kuku. Kuku wanakupigia?”

Duka zima likacheka. Nikanunua gunia la pumba ambalo sikulihitaji, nikaondoka.

Ulimi wa Garlon una mbio kuliko gari langu. Nafika nyumbani, Twyla yuko mlangoni, mikono kiunoni, anataka kujua huyo mwanamke anaitwa nani. Sikuwa na njia. Nikaitoa magazini nikaiweka mezani. Akaigeuza mkononi. Akasema afadhali ingekuwa mwanamke, angalau hilo angelielewa.

Kisha akanipa ushauri nisiouomba: nichukue sahani za karatasi, nizitundike nyuma ya banda la kuku, nijifunze kulenga. Nikamjibu kwamba mazoezi ni ya watu wasio na mipango. Ameahidi kutomwambia kaka yake. Namwamini, kwa sababu alicheka mpaka akakaa chini, na mtu wa hivyo hana nguvu za kusengenya.

Ijumaa, 21 Novemba

Kosa langu lilikuwa kuiweka mahali panapoonekana. Binadamu hana macho kisogoni, na wenzake hawamtazami mgongo. Magazini imehamia nyuma, katikati ya mkanda, na juu yake shati la flana kubwa kuliko mimi, pindo lake linafika mapajani. Kizibao changu cha kuwindia, cha rangi ya machungwa, kinaishia juu ya kitambi, hakifichi kitu. Shati ndilo kila kitu. Nimejigeuza mbele ya kioo mara nyingi. Huoni kitu! Mimi ni fundi.

Tatizo dogo: chuma kinagonga kwenye pete ya funguo mkandani, kli, kli, kama mbuzi aliyevishwa kengele. Nikaifunga kwa kitambaa cha jikoni. Kimya.

Tumefika kambini jioni. Tatizo la pili: kukaa. Kitu kinanichoma uti wa mgongo, siwezi kuegemea kiti. Nikakaa wima kama shemasi. Mjomba Hoyt akaniona, akasema mbele ya wote kwamba ukubwa hatimaye umenifika, basi niombee chakula. Niliomba muda mrefu. Nilishukuru kwa kila kitu, hata kwa pumba.

Tatizo la tatu: Biskuti, mbwa wa kambi. Kumbe kile kitambaa ndicho Twyla alichofutia kikaango cha soseji. Mbwa akanifuata kutoka mezani hadi barazani, kutoka barazani hadi chooni, pua imenasa kwenye makalio yangu. Garlon akasema amejua siku zote kwamba nanuka, sasa ana shahidi. Odell akasema mbwa huyo hajawahi kumpenda mtu kiasi hicho.

Nilikwenda kulala mapema, mgongo ukutani.

Jumamosi, 22 Novemba

Niandike upesi kabla hasira haijaisha.

Alfajiri nilikuwa juu ya dungu. Baridi kali, ukungu kijitoni, chai moto kwenye chupa. Nikagusa jina la baba kwenye ubao. Nikamwambia leo, mzee. Nilimkumbuka sana.

Akaja. Dume, pembe pana, anatembea kama ana hati ya shamba. Nikafyatua. Mti. Nikafyatua tena. Mti uleule. Ya tatu ilikwenda majini, ya nne sijui. Na yeye, wallahi, akainama akaendelea kula njugu za mwaloni!

Nikatabasamu. Hii ndiyo saa niliyoipanga. Nikapeleka mkono nyuma. Shati. Nikavuta. Haliji. Nimelikalia! Nikainua tako moja, nikavuta, kumbe upande mmoja umenaswa na msumari wa ubao. Msumari wa baba. Nikainua matako yote mawili, nikapinda, mkono mmoja bunduki, mwingine mgongoni, nahema kama ng'ombe anayezaa. Kulungu akainua kichwa. Akanitazama. Ni yuleyule, naapa, na huruma ni ileile. Kisha akaondoka zake polepole.

Milio minne, hakuna nyama. Kambi nzima imesikia. Nilipofika, kiti cha hukumu kilikuwa tayari, kile kigogo cha kupasulia kuni, na Mjomba Hoyt ameshika mkasi wa kukatia manyoya ya kondoo. Nikapiga magoti. Nikamsihi safari hii akate pindo la mbele. Akasema tangu babu yake ni nyuma. Nikasema shati ni jipya. Akasema, “Nayajua hayo, mwanangu, huwa ni mapya.”

Akakata. Krrr. Kisha mkasi ukagonga chuma.

Biskuti akasogea kunusa. Mjomba Hoyt akaondoa kipande cha shati chote, na magazini yangu ikabaki pale mgongoni, imefungwa kitambaa cha maua, watu wote wanaiona. Yaani desturi ya kukata mashati naijua kuliko mtu yeyote kambini, misumari yenyewe huwa nanunua mimi, na bado nikaficha kitu chini ya shati!

Garlon alicheka akajikunja. Akajipigapiga mapaja. “Shemeji kavaa simu ya kazi!” Alicheka mpaka kitu kikamporomoka ndani ya mguu wa suruali, kikatoka juu ya kiatu, kikalala kwenye majani. Magazini. Nyuma yake ikafuata ya pili.

Mjomba Hoyt akaamuru kila mtu ainue shati. Sitaki kuwaaibisha wenzangu, ila hapakuwa na mwenye kiuno kitupu. Hata Odell, ambaye huwinda vitunguu tu. Mtu mmoja akauliza kwa heshima, na wewe je, Mjomba? Mjomba Hoyt akasema moto unazimika, akaenda kuleta kuni.

Aliporudi akatoa hukumu. Wa kuficha ni wengi, wa kukosa ni mimi peke yangu. Garlon hakufyatua hata moja, alilala. Lakini kwa sababu ya marehemu baba, atanipa nafasi moja kesho kabla ya kanisa: sahani ya karatasi, risasi moja. Nikikosa, jiko ni langu na dungu ni la Garlon.

Sina hamu ya kula.

Jumapili, 23 Novemba

Asubuhi Mjomba Hoyt alinirudishia magazini yangu aliyoichukua jana, akaiweka mezani, tupu, kati ya vikombe. Nikaivaa mgongoni kwa mazoea. Shati halina nyuma tena, kwa hiyo kila mtu aliiona na nilipigwa baridi.

Sahani wameitundika kwenye nguzo ng'ambo ya uwanja. Garlon alikuja na mto wake wa kukalia, ule atakaouweka juu ya jina la baba. Nilitaka kulia.

Mjomba Hoyt akatoa risasi mfukoni mwake, akanitia mkononi. Moja. Nikamuuliza kama kuna nyingine. Akasema hakuna.

Basi nifanye nini? Sikuwa na ya kuikimbilia. Nikajilaza chini. Nikakumbuka sauti ya baba: pumua kwanza, kijana. Nikapumua. Nikatazama sahani, nikaitazama hasa, sijawahi kutazama kitu hivyo. Nikafyatua.

Katikati! Tundu katikati ya sahani!

Biskuti alibweka. Odell akavua kofia. Mjomba Hoyt akanishika bega na kusema, “Umeona, mwanangu? Ukiwa nayo moja, unalenga.” Machozi yalinitoka, nikasingizia moshi wa jiko. Dungu la baba ni langu. Jiko amepewa Garlon, kwa kuwa na mbili na kwa kucheka. Chakula chake cha kwanza kiliungua, nikala chote kwa furaha.

Alhamisi, 27 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Bata mzinga, viazi vitamu, ukoo mzima mezani kwetu. Mjomba Hoyt amesimulia sahani ile mara mbili. Amenipa zawadi: ganda la ile risasi moja, amelitoboa na kulitia kamba, ili nisisahau funzo.

Sijasahau. Nimelifikiria wiki nzima, na sasa nalijua. Siku zote nakosa, Jumapili nikapata. Kilichobadilika ni nini? Uzito mgongoni! Ile magazini ilininyoosha uti wa mgongo, bega likatulia. Twyla amesema kilichobadilika ni risasi moja na kupumua. Anasema hivyo kwa sababu hajui mambo ya chuma.

Nimenunua nyingine mbili, maana uzito ukizidi na shabaha inazidi. Nimezivaa wakati wa chakula. Mjomba Hoyt aliponikumbatia mlangoni mkono wake ulisimama kidogo mgongoni mwangu, kisha akauliza bata mzinga yuko wapi.

Ganda la funzo nimelifunga kwenye mkanda. Linakaa vizuri kabisa katikati ya magazini, halionekani. Twyla ameahidi kunishonea shati linalofika magotini.