Matumbawe Chumbani

Jumanne, 4 Oktoba 1994

Nimepata wazo. Wazo kubwa!

Miezi saba sasa mke wangu amelala chumbani anatazama ukuta. Tangu kiharusi kimpige katikati ya Ramadhani, mkono wa kushoto umekufa ganzi na miguu haimsikii. Leo asubuhi nilipokuwa namlisha uji kasema hana hamu ya uji, ana hamu ya kuona matumbawe. Mwanakombo ni mtoto wa Mbweni. Kabla sijamuoa na kumleta huku Temeke, kila bamvua, maji yakipwa mpaka mwisho, alikuwa akishuka mwambani na wanawake wenzake kuchokoa pweza. Anataka apelekwe akaketi pale, miguu ndani ya maji. Basi tu, hana jingine.

Mbweni! Uvuke mji mzima, uipite na Tegeta, na mgonjwa wa kulala! Nikamwambia asubiri. Kama yeye hawezi kwenda baharini, bahari itakuja kwake. Enzi za kazi nilitumwa kupeleka barua kwenye hoteli moja ya mjini, nikaona sanduku la kioo pale mapokezi, samaki wanaogelea, matumbawe ya kila rangi. Na kioo ninacho. Kabati la kuonyeshea viatu, futi nne, nililolibeba kiwandani siku tulipopunguzwa kazi. Wenzangu walibeba viti, wakanicheka. Sasa tutaona.

Jirani yangu Romani, mchonga vinyago, kachungulia akasema kioo kitavuja pembeni. Nani kamuuliza? Mmakonde anajua mpingo. Bahari atuachie wa pwani.

Jumatano, 5 Oktoba

Kioo kimevuja pembeni. Godoro la Mwanakombo limelowa upande wa miguuni. Kwa bahati hakuhisi.

Romani kaja na nta yake ya kung'arishia vinyago, kaziba pembe zote nne, kaondoka bila kusema neno. Afadhali angesema.

Alhamisi, 6 Oktoba

Mbweni, kwenda na kurudi. Mgongo wote unauma.

Twalib, shemeji yangu, mdogo wake Mwanakombo, hataki kabisa nivunje matumbawe mazima. Anasema tumbawe ni kiumbe hai, na lenye ukubwa wa kichwa lina umri mkubwa kuliko mimi. Mwishowe kanipa matatu yaliyong'olewa na nanga za watu: moja la mviringo lenye mikunjo, kijani, moja la matawi, zambarau, na moja pana kama uyoga, rangi ya asali. Akaongeza kwamba chumba cha marehemu mama yao kipo kitupu, dirisha linatazama maji, kwa nini nisimlete dada yake akae huko? Nikamjibu kwamba mke wangu ana kwake.

Nimerudi na ndoo sita za maji ya bahari kwenye pikapu ya samaki. Lakini yote nimesahau nilipomwona Mwanakombo! Nimemsogezea kitanda mpaka kwenye kioo. Katumbukiza mkono wake mzima, kagusa la zambarau kwa ncha ya kidole, kafumba macho. Machozi yakamtoka. Akaniuliza bamvua ijayo ni lini. Nimeandika hapa ili nisisahau: kumbe mimi ni mume mzuri.

Jumamosi, 8 Oktoba

Maji yamepungua inchi nzima. Joto. Nimetengeneza mengine: maji ya bomba na chumvi ya mawe. Nimepima kwa ulimi. Naonja ya kwenye kioo, naonja ya kwenye ndoo, mpaka yalingane. Huo ndio utaalamu.

Mwanakombo kasema nisitie chumvi. Anasema yanayopaa ni maji, chumvi inabaki pale pale. Nijazie maji ya mvua matupu. Bibi yake alikuwa akipika chumvi, anajua. Nikamweleza taratibu kwamba hii ni bahari, na bahari ni chumvi. Mgonjwa habishani sana, hilo ni jema.

Jumatatu, 10 Oktoba

Maji lazima yatikisike. Kule hotelini kulikuwa na mashine ya mapovu. Mimi nina pampu ya baiskeli na mpira wa dripu. Nimepampu tangu asubuhi hadi adhuhuri, mkono umevimba. Romani kajitolea kupokezana. Sikutaka, lakini mkono ulitaka.

Kosa! Romani anapampu huku anasimulia. Habari za Newala, habari za mjomba wake aliyechonga kinyago cha mkuu wa wilaya, mkuu wa wilaya akajitambua. Mwanakombo alicheka. Mdomo unapinda upande mmoja sasa, lakini ni kicheko chake kile kile. Nilikuwa jikoni naonja chumvi. Sijamsikia akicheka tangu Ramadhani, na hakucheka kwa ajili yangu. Imeniuma.

Jumatano, 12 Oktoba

Msiba. Matumbawe yameanza kuwa meupe. La kijani limepauka ubavu wote. La zambarau lina ncha nyeupe kama mifupa ya dagaa.

Joto la bati, hapana shaka. Nimeihamisha feni. Ilikuwa inampepea Mwanakombo, sasa inapepea maji. Nilimwomba ruhusa. Kasema sawa, na yeye aliwahi kuona matumbawe yakifa kwa joto mwaka fulani, mwamba mzima, wakalia wanawake wote. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. Nikamfuta kwa kanga yake na kuahidi ni kwa siku mbili tatu tu.

Romani kamletea kipepeo cha ukindu na kukaa kumpepea. Kuna watu wanapenda kuonekana.

Ijumaa, 14 Oktoba

Baada ya sala Sheikh Sadallah kaja kumsomea mgonjwa. Kamwandikia kombe: aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, kaziosha kwa marashi ya waridi, kajaza chupa kubwa. Anywe kikombe asubuhi na jioni kwa siku saba. Kanishika mkono mlangoni akaniambia niwe karibu naye siku hizi. Nikamwambia nipo karibu, siondoki pale kwenye kioo.

Matumbawe meupe kabisa. Yote matatu. Nimeyatilia unga wa dagaa yapate nguvu. Chumba kinanuka.

Jumatatu, 17 Oktoba

ALHAMDULILLAHI! Yamefufuka!

Nimeamka, nimesali, nimerudi chumbani, na tumbawe la uyoga lina rangi! Manjano, kama lilivyokuja, tena linang'aa zaidi. La matawi nalo lina wekundu wekundu. Ni feni, ni pampu, ni ulimi wangu! Nimekwenda nyumba hadi nyumba kuwaita. Wamekuja watu kumi na wawili. Margareta, mke wa Romani, kasema hajaona kitu kizuri hivyo. Romani katazama kwa muda, kanusa, kasema maji yananukia waridi. Wivu unapomjaa mtu hunusa vitu visivyokuwepo.

Nimeanza kufikiria makubwa. Watu wanajenga sasa, kila mwenye nyumba mpya Tegeta atataka bahari sebuleni. Fundi atakuwa nani? Mwanakombo alinitazama nikizungumza na wageni. Alikuwa anatabasamu. Amekonda sana, lakini nadhani ni mwanga.

Jumanne, 18 Oktoba

Sijui niandikeje.

Asubuhi nilisahau kofia, nikarudi chumbani kabla sijafika msikitini. Mwanakombo alikuwa ameegemea ukingo wa kitanda, kikombe cha kombe mkononi, anamimina ndani ya kioo. Taratibu, juu ya tumbawe la uyoga. Zafarani ikashuka, ikakaa kwenye vitundu. Hiyo ndiyo rangi yenyewe. Kumbe siku nne hajanywa hata tone. Chupa imebaki na maji ya chini.

Niliketi sakafuni. Nilimuuliza kwa nini amefanya hivyo, dawa yake.

"Yalikuwa mazima kabla hujayaleta kwangu," akasema. "Mie nilikuwa nishaumwa. Na wewe ulikuwa na huzuni, Baba Zubeda."

Nililia, naandika bila aibu. Nikamshika ule mkono usiosikia, kisha nikahamia ule unaosikia. Akasema keshokutwa ni bamvua. Nimpeleke Mbweni akatie miguu majini, mara moja tu, kabla hajachoka zaidi. Nikamwapia. Alhamisi, mimi na yeye, jua lisitufikie njiani. Hata Zubeda wetu, aliyeolewa Tanga, nitamwandikia barua nimweleze mama yake alivyofurahi.

Jumatano, 19 Oktoba

Twalib kakubali kuja na pikapu alfajiri. Romani katengeneza kiti: kiti chake cha kuchongea, kakitia mikono miwili ya kubebea mbele na nyuma. Sikumwomba. Nimemshukuru.

Nimeyachunguza matumbawe chini ya ile zafarani. Kwenye la matawi kuna ncha moja, kama ukucha wa mtoto, bado zambarau. Hai! Nimemwonyesha Mwanakombo. Kasema ni kweli, ni hai bado, tulirudishe kwao kesho. Nikamwambia tutaona.

Alhamisi, 20 Oktoba

Umeme ulikatika saa kumi na moja alfajiri. Mgao. Feni ikasimama. Maji yakaanza kupata joto, na ile ncha ikaanza kujikunja, niliiona kwa macho yangu. Pikapu ikapiga honi.

Nilifanya nini? Nilifanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Niliwaambia watangulie, nitawafuata umeme ukirudi. Tumbawe lile ni lake, nalilinda kwa ajili yake, nani atapampu nikiondoka? Mwanakombo alikuwa tayari kwenye kiti, amevaa kanga jozi ya Idi, amepakwa wanja na Margareta. Romani na Twalib wakambeba. Aliponipita akanigusa shavu kwa mgongo wa mkono, wakaenda.

Nimepampu kwa saa karibu nane. Umeme umerudi saa saba mchana. Ile ncha ilikwisha kufa tangu saa tatu. Nililijua hilo, lakini mkono uliendelea tu.

Romani karudi alasiri peke yake, suruali imelowa mpaka magotini. Kanisimulia bila mimi kumuuliza. Walimketisha mwambani maji yalipopwa, maji ya vifundoni. Akataka kiti kishushwe zaidi. Akawa anawaonyesha kwa kidole, hili hivi, lile vile, na wanawake wa Mbweni wakamtambua, wakaja kumzunguka, wakamtia pweza mdogo mapajani. Alicheka mpaka akakohoa. Halafu maji yakaanza kujaa, na akasema harudi Temeke.

"Amesema uje," Romani akaniambia. "Chumba kina nafasi ya wawili."

Nikamuuliza kama alinitaja kwa hasira. Akasema hapana. Ningependa iwe kwa hasira.

Jumapili, 23 Oktoba

Nyumba kimya. Kitanda kipo, mto una harufu ya mafuta yake ya nazi. Nilikaa upande wake, nikatazama ukuta alioutazama miezi saba. Una ufa mmoja, umeanzia dirishani unashuka hadi chini. Sikuwa naujua. Ninampenda Mwanakombo, na miaka ishirini na sita sijawahi kulala bila kumsikia anapumua.

Romani kaja baada ya kutoka kanisani, anakwenda Mbweni, twende wote. Nilikuwa nimevaa kabisa. Kisha nikafikiri: nitaingiaje kwa wakwe zangu mikono mitupu, mtu niliyeshindwa na mawe matatu? Nikamwambia wiki ijayo. Nimeyatoa matumbawe, nimeosha kioo.

Na hapo, nikisugua, nikaona kosa lilipokuwa. Maji yalikuwa machache!

Ijumaa, 4 Novemba

Siku kumi na mbili sikuandika, nilikuwa na kazi. Kioo kimeongezwa. Sasa ni futi saba, kinaziba dirisha. Jana, bamvua, nimevuka Kigamboni hadi Mjimwema, nimekaa majini asubuhi nzima nikiokota yaliyong'oka. Matano! Moja bluu, sijapata kuona bluu kama ile. Maji ya mvua ninayo pipa zima, chumvi sitii. Nani anasema sijifunzi?

Leo baada ya sala Twalib kaja. Hakuketi. Kanambia dada yake hali chakula tangu Jumanne, maji anameza kwa kijiko. Nikamvuta chumbani nimwonyeshe la bluu. Hakulitazama.

"Shemeji, anakuulizia kila akifumbua macho," akasema. "Gari lipo nje. Twende."

Moyo ulinipasuka, Mungu anajua. Lakini huyu kijana haelewi matumbawe. Siku za kwanza ndizo za hatari, yakizoea maji ndipo yanafumbua. Nikiliacha la bluu leo litakufa, na Mwanakombo akirudi atakuta nini? Ukuta tena? Nikamweleza yote haya vizuri. Wiki moja tu. Amwambie dada yake ale, apate nguvu za safari, ameandaliwa kitu.

Nikampa madumu mawili matupu. Maji ya Mbweni ni safi kuliko haya ya Mjimwema, ayajaze aniletee Jumatatu. Aliyashika, akasimama nayo mlangoni, kisha akayaweka chini taratibu na kuondoka. Ameyasahau. Nitampa Romani, anakwenda kila Jumapili.

Nimetandika kitanda upya, shuka ile ya maua, kichwa upande wa kioo ili asijisumbue kugeuka. La bluu limefumbua kidogo jioni hii. Ijumaa ijayo, Inshallah, nakwenda kumchukua.