Ombi la Kusitisha Salamu Barabara ya Muleba hadi Bukoba

Kijiji cha Ujamaa Mwendo Mmoja,
S.L.P. Muleba.
Juni, 1974.

Ndugu Mhariri,

Kosa wanalolifanya watu wengi ni kudhani kwamba breki iliyo kali kuliko zote ndiyo inayofaa kuliko zote. Kamati yetu ya Gari, ambayo mimi ni mwenyekiti wake, haikulifanya kosa hilo kwa bahati mbaya. Ililipigia kura.

Pijo ya kijiji ndiyo inayopeleka wagonjwa hospitali Bukoba, na mwezi huu itampeleka mkwe wangu Joviana kujifungua. Pedi za breki za gari hilo, yaani vile vibao vinavyobana sahani ya chuma ili gurudumu lisimame, zilikuwa zimekwisha. Dukani kwa Vasant tukaonyeshwa pedi za kawaida na pedi za magari ya mashindano. Kwa kuwa tumeagizwa tukimbie wakati wengine wanatembea, tukachagua za mashindano. Vasant alitusihi tufikiri tena. "Wazee wangu, hizi zikiwa baridi hazikamati, hazimjui mtu," alisema. Tulimweleza kwamba kijiji chetu si cha watu baridi.

Dereva wetu, Clavery, alizifunga vizuri, akafuta sahani mpaka hapakubaki hata dalili ya mafuta. Ilibaki kuzizoeza, na hapa naomba msomaji awe mtulivu nimweleze. Unakwenda maili arobaini kwa saa, unakanyaga breki kwa nguvu mpaka mwendo uwe wa mtu anayetembea, kisha, bila kusimama, unaondoka tena. Unarudia hivyo mpaka zipate moto, halafu unaendesha taratibu zipoe. Ukisimama zikiwa za moto, pedi inaunguza sahani mahali pamoja, kama ndizi uliyosahau kuigeuza kwenye makaa, na tangu hapo gari hutetemeka kila ukikanyaga.

Sasa malalamiko.

1. Clavery alipopunguza mwendo Muleba sokoni, Mzee Ishengoma alidhani anaheshimiwa. Akashika dirisha, gari likasimama, akaanza kuuliza habari: za nyumbani, za migomba, za ng'ombe, za kijana aliyekwenda kuvua samaki kisiwani Goziba. Clavery amelelewa. Hawezi kumwondokea mzee ambaye ndiyo kwanza yuko kwenye migomba. Sahani ikaungua.

2. Tulipoisugua sahani na kuanza upya, Bibi Kokushubila alipanda na mikungu yake ya ndizi bila kukaribishwa. Clavery alipomlalamikia, alijibiwa, "Mwanangu, gari la kijiji likipunguza mwendo limekwisha kukubali." Waliokuwa nyuma ya bibi waliona hiyo ni sheria, nao wakapanda na mbuzi wao.

3. Clavery alipojaribu kupita bila kumtazama mtu, alishtakiwa kwamba anapunguza mwendo ili apate kuwadharau wananchi kwa karibu.

Hivyo pedi hazijazoea, na mteremko wa kuingia Bukoba haujapungua. Kwa heshima zote naomba salamu zisitishwe barabarani kwa siku moja. Ikishindikana, wazee waipe barabara mgongo, na wenye mikungu wajifiche mashambani. Hata hilo likishindikana, wanaokaribia kujifungua wavute subira. Nimemweleza Joviana jambo hili kwa kirefu. Aligeukia ukutani.

Wasalimie wote hapo ofisini, ila kwa maandishi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Protase Mwijage,
Mwalimu mstaafu.

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, Joviana alishikwa na uchungu. Clavery akaondoka naye kwa tahadhari, akipunguza mwendo kila kona, na kila kona watu wakapanda. Walipofika juu ya mteremko, ndani ya gari walikuwemo Mzee Ishengoma, Bibi Kokushubila, mikungu na mbuzi. Uzito ule ukazipa pedi moto zilioutaka tangu dukani, na Pijo ikasimama mlangoni mwa hospitali kama iliyoshikwa sikio. Mtoto ni wa kike, mzima, na mama yake mzima. Clavery alirudi peke yake, pedi zikapoa njiani, na gari likaja kusimama ndani ya migomba yangu. Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, futa yote niliyoomba hapo juu. Nawe msomaji, leo ukiliona gari letu linakuja, panda.