Kabati la Joto la Bi Nadhifu

Jumatatu, 3 Machi
Seli zangu zimekufa tena. Mara ya tano! Kazi yetu ni kuzipa joto kali, kisha kuzibonyeza kwa kisindano tuone kama bado ni ngumu, na kama mitokondria, vinu vyake vya nguvu, bado vinafanya kazi. Zangu zililegea kama karatasi iliyolowa. Za Bi Nadhifu, jirani yangu wa meza, angalau zipo hai. Ijumaa Profesa atambakiza mmoja wetu maabara. Mwingine arudi kwao. Na Mama ameshatangazia mtaa mzima kwamba mwanawe daktari! Maji yamenifika shingoni.

Jumanne, 4 Machi
Bi Nadhifu alipotoka, nikaongeza joto kwenye kabati lake la seli. Digrii mbili, saa moja, nikarudisha. Alirudi akanigawia biskuti, akauliza kaka, mbona jasho? Nikasema homa. Biskuti nikaila yote.

Jumatano, 5 Machi
Balaa! Kwenye joto kali, seli zake zimesimama imara kuliko zote tulizowahi kupima. Mitokondria zinachapa kazi! Profesa alikagua rekodi ya kabati, akaiona ile saa moja. Akasema joto dogo limezizoesha seli, zikajikaza mapema. Bi Nadhifu akaapa hakugusa kitu. Profesa akasifu unyenyekevu wake. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nimechuma janga, Bi Nadhifu kala asali. Nikidai sifa, nakiri hujuma. Nimelia chooni.

Alhamisi, 6 Machi
Ya nini machozi? Dawa ninayo. Kama digrii mbili kwa saa moja zinafaa, basi sita kutwa nzima!
Jioni. Seli zangu zimeiva zote.

Ijumaa, 7 Machi
Kachaguliwa Bi Nadhifu. Nilikuwa nafungasha vitu niliposikia akimsihi Profesa aniache hadi mwisho wa mwezi. Eti anahitaji mtu wa kulinda kabati lake, na humu ndani anayemwamini ni mimi tu. Akanikabidhi ufunguo. Aibu ilinichoma mpaka masikio. Mama kapiga simu, nikamwambia nimepandishwa cheo. Akapiga vigelegele, nami nikatamani ardhi inimeze.
Nimekaa na ufunguo mkononi, nikatafakari sana. Kosa langu nimelijua: joto.
Jumatatu najaribu baridi.