Akiba ya Mzee Hakuna

Jumatatu, 4 Machi
Stoo ya hospitali imejaa, inapendeza kama bibi harusi. Glavu, pamba, dripu, mpaka darini. Akaja Sista wa wodi ya wazazi kuniharibia pambo. Anataka glavu. Nikamwambia hakuna. Akauliza, na zile? Nikasema zile akiba, na akiba haiozi. Akasema ya hospitali inaoza, babu, tarehe imeandikwa ubavuni. Akaondoka na boksi moja kwa ulimi wake mrefu. Wodini wananiita Mzee Hakuna. Wivu tu.

Jumanne, 5 Machi
Dawa ya jicho la Sista ni kunyimwa cha kuona. Nimehamishia mali yote chumba cha vitanda vibovu. Kiuno kinalia. Rafuni kumebaki vumbi na mjusi. Sista akachungulia, akaondoka mikono mitupu. Chai ya leo ilikuwa tamu.

Alhamisi, 7 Machi
Kumbe alikwenda kushtaki. Kaja na Mganga Mkuu. Nikasimama kati ya rafu tupu na uso wa mfiwa. Mganga Mkuu akanipa pole, nusura nilie kweli. Kisha akasema stoo tupu haihitaji mtunzaji. Jumatatu ufunguo apewe Sista, aweke mashuka. Mimi nikafungue geti la nyuma. Ufunguo huu! Nimeuvaa shingoni tangu Sista ananyonya. Mama watoto kusikia, akacheka mpaka akakaa chini. Ati nikifika getini nisiwaambie wagonjwa hakuna hospitali.

Ijumaa, 8 Machi
Asubuhi nimerudisha kila kitu rafuni, nikatangaza mzigo umeingia. Mganga Mkuu akafurahi, ufunguo akaniachia. Sista akageuza boksi, akasoma ubavuni. Akasema mzigo mpya huu mbona unaisha muda mwezi huu, basi ugawiwe wodini leo leo. Wakaja na matoroli, wakakomba hadi pamba. Wazazi wodini wakaniombea dua. Nimefunga stoo yenye mjusi.

Jumatatu, 11 Machi
Lori limeleta mzigo wa kweli. Kosa langu nimeliona: nilificha vyote. Mtu mzima hafichi vyote. Safari hii nimeacha maboksi machache mlangoni, ya kuzugia. Mengine nimeyapanga chini ya ngazi za wodi ya wazazi, nikafunika kwa turubai. Sista anapita juu yake kutwa. Leo ameniamkia kwa adabu.